Viwavi Niliompa Wifi Yangu

Niliolewa Rumonge nikitokea Ujiji, na katika mashua iliyonileta nilikuwa na vitu ambavyo mwali yeyote angekuja navyo: sanduku la nguo, mkeka, sufuria ya shaba ya bibi yangu. Juu ya hivyo nilikuwa na miche ya ndimu niliyoiotesha mwenyewe, kila mmoja ndani ya kibuyu kilichokatwa mdomo. Njia nzima niliibana kati ya miguu ili mawimbi yasiimwage. Wapiga makasia walicheka.

"Bibi harusi amebeba shamba lake!"

"Mtakuja kuniomba ndimu," niliwajibu, "na nitawapa, maana mimi si mchoyo."

Sikuwa na haya ya mwali. Nyumbani kwetu walisema nilizaliwa nikijibu.

Siku zile Wadachi walikuwa wameishika nchi, lakini Rumonge kwetu bendera yao tuliiona kwa nadra. Tulikuwa mtaa mdogo wa Waswahili kando ya ziwa, na Warundi wakilima nyuma yetu kuelekea milimani. Wengine wetu walitoka Ujiji, wengine Manyema ng'ambo ya ziwa, wengine walizaliwa hapo hapo wakasilimu. Tulisali pamoja, tukaoana, na tukasema Kiswahili ambacho bibi yangu asingekikubali, kwa sababu kila mtu alikitia chumvi ya kwao.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa ng'ambo. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono yake imekolea wekundu wa mawese, kwani yeye ndiye aliyewakamulia mafuta nusu ya mtaa. Aliikagua miche yangu kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Hii iko chakula?"

"Inaondoa shombo la samaki, Mama. Inatibu kikohozi. Na achari yake utaila na ugali mpaka uniite binti."

"Panda kule nyuma ya nyumba. Isipozaa itakuwa kuni."

Nikaipanda nyuma ya nyumba, mbali na maji. Ardhi ya Rumonge haina ubahili. Kabla sijapata mimba yangu ya kwanza, mindimu ilikuwa imenipita kimo.

Kabla ya ndimu, walikuja vipepeo. Niliwajua tangu utoto. Ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa rangi ya samli yaliyotawanyika mabawa yote, na chini kabisa, kila upande, ana doa jekundu lenye buluu juu yake kama jicho lililopakwa wanja. Jike huja jua likiwa kali. Anapepea juu ya jani changa bila kutua sawasawa, anakunja kiuno, anagusa, na anapoondoka pamebaki yai moja la manjano, dogo kama punje ya ulezi. Kisha anaenda jani jingine. Haweki yote mahali pamoja, na nilimpenda kwa hilo. Ni mama mwenye akili.

Bibi yangu wa Ujiji alikuwa akisema kwamba kipepeo akiingia ndani, ongeza maji kwenye chungu, mgeni yuko njiani. Mama mkwe wangu aliposikia hivyo alitikisa kichwa. Kwao ng'ambo, alisema, kipepeo ni mtu aliyekufa anayepita kuwaona wake. Hapigwi wala hafukuzwi. Tulikuwa na jirani, mama wa Kirundi aliyetuletea maharage, ambaye alimwita ikinyugunyugu na kutucheka sote wawili. Kwake aliyeruka ameruka tu. Mimi nilishika ya bibi yangu, kwa sababu nilipenda wageni.

Ndipo malale yalipotufikia.

Aliyepatwa kwetu alikuwa mume wa wifi yangu. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wangu, na mumewe alikuwa mvuvi hodari, mtu wa mzaha, anayejua kuigiza sauti ya kila mzee wa mtaa. Alipenda kutengeneza nyavu zake nyuma ya nyumba yetu, karibu na mindimu, kwani pale upepo wa ziwa ulifika bila vumbi. Nilikuwa nikitwanga nikimsikiliza. Kwanza alianza kulalamikia kichwa. Baadaye homa zikawa zinakuja na kuondoka. Halafu siku moja alikuwa katikati ya hadithi, sindano ya nyavu mkononi, akanyamaza. Nilidhani anatafuta neno. Nilipogeuka nilimkuta amelala akiwa ameketi, mchana kweupe, na uzi bado umezunguka kidole chake.

Daktari wa Kidachi alikuja na askari wake. Tulipangwa mstari, wanaume kwa wanawake, akapitisha vidole shingoni mwa kila mmoja akitafuta tezi zilizovimba. Shemeji yangu alikuwa nazo. Wakamtia katika mashua pamoja na wengine, wakampeleka kambi ya wagonjwa iliyokuwa kaskazini. Wifi alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, nguo zikielea, akiita jina lake. Yeye hakugeuka. Alikuwa amesinzia.

Kabla ya kuondoka, daktari alitueleza kwa kinywa cha mkalimani kwamba ugonjwa huu unaletwa na mbung'o, inzi anayeuma, anayekaa kivulini kando ya maji. Kwa hiyo vichaka vyote vya pwani vitafyekwa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini maneno ni kama maji ya kisima, yanategemea chombo cha anayeyachota. Yalipofika nyumba ya mwisho yalikuwa yamekuwa hivi: mdudu yeyote anayeruka ana malale.

Wifi alikuja kwetu kuchukua nyavu za mumewe. Sikutaka kumsumbua, nikamwacha aende nyuma peke yake. Nilisikia ukelele, nikakimbia. Nilimkuta amejibana ukutani, ameunyosha mkono mbele yake kama mkono usio wake.

"Nini wifi?"

"Kile! Iko kinanitolea pembe!"

Mkono wake ulikuwa umegusa tawi, na juu ya tawi palikuwa na kiwavi. Alikuwa mkubwa tayari, kijani kama jani lenyewe, na mkanda wa hudhurungi ubavuni. Kiwavi wa mndimu akikerwa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini, nyekundu kama pilipili iliyoiva, na harufu inayotoka ni kali, kama ndimu iliyooza. Kisha hurudisha pembe ndani na kuendelea kula. Ni vitisho tu. Hana meno ya kukuuma wala mwiba wa kukuchoma.

"Ni kiwavi, wifi. Atakuwa kipepeo."

"Mume wangu alikaa hapa kila siku," alisema. Macho yake yalikuwa yananitazama kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Kila siku, chini ya miti yako."

Toka siku ile nilijua mtaa unasema nini, maana nilipoteka maji wanawake waliacha kuzungumza. Mmoja alimvuta mwanawe asinipite karibu. Sikuinamisha kichwa. Niliwasalimia wote kwa sauti, nikamwuliza kila mmoja habari za nyumbani mpaka akalazimika kujibu.

Askari waliosimamia ufyekaji walipofika, wifi aliwaleta mwenyewe mpaka uani kwetu. Mkubwa wao alikuwa mtu wa Tabora kwa matamshi yake, amechoka, jasho limechora mistari ya chumvi kwenye koti. Watu wake walikuwa na mapanga. Nilitoka jikoni nikasimama kati yao na mindimu, na tumbo langu lilikuwa limeanza kuonekana.

"Bwana askari, amri uliyonayo ni ya vichaka vya pwani?"

"Ni ya vichaka vinavyofuga mbung'o."

"Hapa hakuna mbung'o. Kaa kivulini upumzike, uone kama utaumwa."

Alinyosha fimbo akamgusa kiwavi mmoja. Pembe nyekundu zikachomoza. Akaruka nyuma, na watu wake wakacheka.

"Na huyu je?"

"Huyo ni mtoto wa kipepeo."

"Mwongo!" wifi alipiga kelele. "Ni watoto wa mbung'o! Iko na pembe, iko na sumu! Amewaleta kutoka kwao!"

Askari alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama njia iliyobaki mbele yake. Kazi yake ilikuwa kufika Gatete. Ugomvi wa mawifi haukuwa katika amri.

"Nikirudi kutoka Gatete nitapita hapa," alisema. "Nikiwakuta bado mnagombana, ninakata yote."

Walipoondoka, mama mkwe wangu, aliyekuwa ameketi mbele ya chungu chake cha mawese muda wote, alifuta mikono.

"Mumemaliza kelele? Basi nani ataniambia hawa wadudu wanakuwa nini?"

"Watajieleza wenyewe, Mama," nilisema. "Tuwatie kwenye kikapu, tuwape majani, tuone. Lakini nisiwatunze mimi. Nikiwatunza mimi, wifi atasema nimewabadilisha. Awatunze yeye."

Wifi alinitazama.

"Unataka nife na mimi?"

"Nataka uone kwa macho yako. Ukiona inzi, shika panga ukate miti mwenyewe. Nitakushikia tawi."

Sikusema vile kwa ushujaa. Nilikuwa nimeona jambo lile tangu nikiwa mtoto wa kutambaa, na mtu anayejua hana sababu ya kutetemeka. Mama mkwe alichukua kikapu kilichokuwa kikitumika kwa dagaa, akakikung'uta, akakiweka mbele ya binti yake.

"Chukua," alimwambia.

Nikachuma viwavi pamoja na vijiti vyao. Nilichagua wakubwa wa kijani, na pia wadogo ambao bado wana umbo lao la kwanza, weusi wenye baka jeupe mgongoni, ambao ndege akiwaona anadhani ni mavi ya ndege mwenzake na kuwaacha. Tulifunika kikapu kwa kitambaa chepesi. Wifi alikibeba kwa ncha za vidole kama anayebeba kaa la moto.

Kila asubuhi nilimpelekea majani machanga. Mwanzoni aliniambia kwa ndani, "Weka hapo mlangoni," na nilipofika nyumbani nikigeuka nilimwona ananyosha mkono kuyachukua. Kikapu alikitundika nje, chini ya ukingo wa paa. Kisha mvua ikanyesha na upepo, na kesho yake nilikikuta ndani.

"Walikuwa wanalowa," alisema, kama anayejitetea.

Baadaye akaanza kuniuliza. "Hawa watu wanakula mpaka lini? Wanakula kama wapagazi." Siku nyingine aliniita ndani kabisa, akaniketisha, akafungua kitambaa. "Tazama. Huyu alikuwa mavi ya ndege. Amevua ngozi, amekuwa kijani. Nilikuwa nimekaa hapa, nikamwona." Alisema neno lile, nikamwona, kwa fahari ndogo ambayo hakutaka niione.

Na kwa kuwa tulikuwa tumeketi, tukaongea. Aliniambia kwamba hawezi tena kulala. Alipofumba macho alihisi kwamba usingizi wenyewe ndio adui, kwamba utamchukua kama ulivyomchukua mumewe. Aliniambia watu wanasema kambini hatoki mtu. Niliuliza ni nani aliyekwenda akaona. Hakukuwa na aliyekwenda.

"Basi tutakwenda sisi," nilisema. "Mtu anayelala anahitaji mtu wa kumwita."

Kesho yake alinipikia uji.

Ndipo akaja kwetu mbio, kikapu kifuani, uso umejaa hasira.

"Umeniua mara ya pili! Nilikuwa nimeanza kuwazoea!"

Nikatazama ndani. Mmoja wa wale wakubwa alikuwa ameacha kula, ametafuta kijiti kilichosimama, amejifunga. Ngozi ya kiwavi ilikuwa imevuliwa, pamebaki kitu kigumu kilichopinda, chenye rangi ya kijani, kimeegemea nyuma juu ya uzi mmoja mwembamba uliopita mgongoni. Mtu wa Rumonge hahitaji kuelezwa zaidi: alikaa vile vile anavyokaa mkwezi wa michikichi juu ya kamba yake, miguu imeshika mti, mwili umetupwa nyuma.

"Hajafa," nilisema.

"Hana kichwa, hana miguu, hali, hatembei. Nini kinaitwa kufa kwenu Ujiji?"

"Mguse."

Alisita. Kisha akanyosha kidole. Kile kitu kikajitikisa, mara moja, kama mtu anayesukuma mkono wa anayemwamsha. Wifi alikivuta kidole chake, akakaa chini pale pale uani, akakiweka kikapu juu ya mapaja yake.

"Amelala tu," alisema polepole.

"Amelala tu."

Alirudi nacho kwake, na nyumba yake haikuwa na kelele siku zilizofuata. Hata majani ya wale wengine alikuja kuyachuma mwenyewe, na kiwavi akimtolea pembe alimwambia, "Nyamaza, nakujua."

Tulikuwa tumetoka kusali alfajiri alipotuita. Mama mkwe alitangulia, mimi nyuma yake na tumbo langu, jirani wa maharage naye akaja, na wanawake wawili watatu wa wale walioninyamazia kisimani. Juu ya ukingo wa kikapu alikuwa ameketi kiumbe mwenye mabawa yaliyokunjamana na kulowa, kama nguo iliyotoka kukamuliwa. Mabawa yakawa yananyooka kidogo kidogo. Weusi ukatokea, madoa ya samli yakatokea, mwishowe yale macho mawili mekundu.

"Ikinyugunyugu," jirani alisema, akacheka, akaenda zake kuwasha moto.

Wifi hakucheka. "Huyu si mbung'o," alisema. Kisha akageuka kwangu, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Basi nani amemlaza mume wangu?"

"Mbung'o wa kwenye matete, wifi, kama daktari alivyosema. Hakuna mtu aliyemfanyia ubaya. Wala mimi, wala wewe."

Ndipo akalia. Tangu siku ile ya mashua alikuwa hajalia. Alikuwa amepiga kelele tu. Nilimshika mpaka mabega yake yalipotulia, na kipepeo akapita juu yetu, akagonga paa la nyasi, akaona mlango, akatoka. Mama mkwe alimfuata kwa macho.

"Kwetu tunasema ni maiti anayerudi," alisema. "Leo nimemwona anazaliwa. Niseme nini sasa?"

"Sema yote mawili, Mama."

"Nitasema yote mawili," alikubali, akarudi kwenye mawese yake.

Askari wa Tabora aliporudi kutoka Gatete, sikupata nafasi ya kufungua kinywa. Wifi alikuwa amemngojea njiani na panga mkononi. Alimwambia kwamba mindimu haifugi kitu ila vipepeo, na kama anataka mbung'o, aje amwonyeshe matete ambako mume wake alikuwa akifunga mtumbwi. Akamtangulia. Alifyeka pamoja na watu wake mpaka jua likashuka, na kesho yake wanawake wengine wakamfuata. Pwani yetu ilibaki wazi kama kiganja. Nilisikitika kwa ajili ya kivuli, lakini mbung'o walipungua, na waliopatwa na malale baada ya hapo walikuwa wachache.

Mtoto wangu alipokuwa na nguvu za kusafiri mgongoni, tulikwenda kambini, wifi na mimi. Tulipanda mashua ya wafanyabiashara, tukapita Kabezi, tukiwa na dagaa wakavu, mawese, na ndimu za kwanza za miti yangu. Shemeji alikuwa ameketi nje ya kibanda, amekonda, yuko macho. Dawa za sindano zilikuwa zimemtoa usingizini, lakini zilikuwa zimeondoka na nuru ya macho yake. Tulisimama mbele yake, naye akatazama mahali tusipokuwepo.

"Wewe nani?" aliuliza.

Nikampa ndimu moja aishike. Akainusa, akaishika kwa mikono miwili.

"Rumonge," alisema. "Mke wangu yuko wapi? Najua amekuja. Nasikia anavyovuta kamasi."

Walimruhusu kurudi nyumbani baadaye, ugonjwa ulipomwacha. Hakuvua tena, ila nyavu za mtaa mzima zilipita mikononi mwake, kwani vidole havikuhitaji macho, na sauti za wazee aliendelea kuziigiza, mpaka na ya yule askari wa Tabora ambaye alimjua kwa masimulizi yetu tu. Watu wa Gatete na wa Nyanza waliniomba mbegu za ndimu, nikawapa, na kila aliyechukua nilimwambia asiwaue viwavi wote, awaachie tawi moja. Mti mkubwa hauumii kwa tawi. Wengine walinisikia.

Wifi alikuwa mshonaji wa kofia. Mwaka ule Wadachi walipokuwa wanafungasha na vita viko ziwani, tulikaa ndani sana, na yeye akamshonea mumewe kofia mpya. Badala ya maua ya kawaida alichora kipepeo kila upande, kwa uzi mnene ulioinuka. Alimvisha. Shemeji aliivua, akapitisha vidole juu yake taratibu.

"Huyu ni mukeke?"

"Samaki gani ana mabawa? Ni kipepeo, bwana wee!"

"Basi umushonee na mukeke mbele. Mvuvi hawezi kutembea na vipepeo tu, watu watanicheka."

Wifi alicheka mpaka akaangusha sindano. Akashona na samaki. Mwalimu wa msikitini alipoiona alisema picha za viumbe hazifai kusalia, na hakukosea, kwa hiyo wifi akamshonea nyingine ya maua matupu. Shemeji alikuwa na kofia mbili tangu hapo. Ya maua aliivaa Ijumaa. Ile nyingine aliivaa siku zote zilizobaki, samaki mbele, na akikutana na mtu njiani alikuwa akimwuliza kwanza ni nani, halafu kama kofia imekaa sawa.